Siku ya Mwisho Tuliingia Ngomeni

Jumatatu: Tanga hadi Likoni

Tuliondoka Tanga baada ya sala ya alfajiri, watu 14 ndani ya basi dogo la kukodi. Wengi wetu ni walimu wa shule za msingi, watatu ni wastaafu, na pamoja nasi alikuwemo mzee mmoja fundi wa majahazi, baba wa mwalimu mwenzetu, ambaye sote tunamwita Babu. Tulichanga kila mwisho wa mwezi kwa mwaka mzima, hadi likizo ya Desemba ikatukuta tuna nauli na fedha ya kulala Mombasa usiku tano. Mimi nafundisha historia. Ngome ya Yesu, ile ya Wareno pale Mombasa, nimeifundisha miaka 22 bila kuiona kwa macho yangu.

Tanga hadi Horohoro ni kilomita 65 za lami. Mpakani tukagongewa mihuri, tukaonyesha kadi za chanjo ya homa ya manjano, tukavuka kuingia Lunga Lunga. Mpaka ule kwetu watu wa pwani ni kama ua uliopitishwa katikati ya kiwanja cha nyumba moja. Wadigo wako huku na huko. Mama aliyetuuzia maembe upande wa Kenya alikuwa na lafudhi ile ile ya shangazi yangu wa Moa, na alipojua tumetoka Tanga akaanza kuulizia ukoo mmoja wa Mkinga, nani kaoa, nani kafariki, mpaka dereva akapiga honi.

Karibu na Msambweni gurudumu la nyuma likapasuka. Tukakaa chini ya mwembe karibu saa nzima. Likoni tulifika alasiri. Sisi tumezoea kusema pantoni, pale wanasema feri, na mwenda kwa miguu halipi kitu. Tulishuka kwenye basi tukavuka pamoja na umati, kina mama na vikapu vya samaki, wanafunzi, mafundi na misumeno yao. Nilishikwa na furaha ambayo sikuitegemea: kila mtu aliyenizunguka alikuwa akisema Kiswahili, nami nilikuwa nchi ya watu.

Jumanne: Mji wa Kale

Asubuhi mahamri kwa mbaazi za nazi, kisha miguu. Mji wa Kale wa Mombasa hauendwi kwa gari. Tuliingia Ndia Kuu, na jina lenyewe lilitosha kuwa somo, kwa sababu Kimvita, Kiswahili cha Mombasa, husema ndia pale sisi tunaposema njia. Vibaraza vya mbao vimetokeza juu ya vichochoro, milango ya nakshi mingine imefunguka nusu na harufu ya udi inatoka. Bibi mmoja aliyekaa barazani alituona tunaangalia mawe ya chini tusijikwae, akatuambia: "Tizameni juu, wanangu, tini hamna kitu." Tukamwamkia, akaitikia marahaba, akatuonyesha mnara wa Msikiti wa Mandhry. Msikiti ule ulijengwa mnamo mwaka 1570, yaani ulikuwa umesimama zaidi ya miaka ishirini kabla Wareno hawajaweka jiwe la kwanza la Ngome. Jambo hilo nitawaambia wanafunzi wangu mapema kabisa. Vitabu vingi huanza na Ngome kana kwamba kabla yake palikuwa pori.

Kwenye Bandari ya Kale Babu alisimama muda mrefu akitazama jahazi lililotia nanga. Alihesabu kitu kwa vidole, hakusema ni nini.

Ngome tuliiona kwa nje tu, kuta zake za rangi ya udongo mwekundu zikipandana juu ya mwamba wa matumbawe. Kiongozi wetu alikuwa ameipangia siku ya mwisho, kwa kuwa mwongoza wageni aliyeahidiwa kutusaidia alikuwa na nafasi Jumamosi peke yake. Niliumia. Nimetoka Tanga kwa ajili ya mlango ule, nao uko hatua mia kutoka niliposimama.

Jumatano: Gede na Malindi

Hii ndiyo siku iliyoniharibia usingizi. Tulikwenda kaskazini kupitia Mtwapa na Kilifi hadi Gede, mji wa mawe ulioanza karne ya 13 au kabla yake na kuachwa mwanzoni mwa karne ya 17. Msitu umeumeza. Mizizi ya miti imekumbatia kuta, kima wanaruka juu ya msikiti mkuu, visima vimekauka. Mwanaakiolojia James Kirkman alianza kuufukua mwaka 1948, na nyumba zikapewa majina kwa kile kilichookotwa ndani yake: nyumba ya kauri, nyumba ya mkasi, nyumba ya bakuli la Kichina, nyumba ya sanduku la pembe za ndovu. Nilipenda sana utaratibu huo. Mwenye nyumba jina lake limepotea, lakini mkasi wake unajulikana.

Kisha tukafika kwenye makaburi. Kuna moja lenye mwaka wa Kiislamu uliochongwa, unaolingana na 1399, na jirani yake kuna kaburi la nguzo. Niliposimama mbele ya ile nguzo miguu ilikataa kusogea.

Nimezaliwa Tongoni, kijiji cha wavuvi kusini ya mji wa Tanga. Pale kwetu kuna msikiti uliobomoka na makaburi ya nguzo mengi kuliko nilivyopata kuyaona mahali pengine, baadhi ya nguzo zimesimama, nyingine zimelala kwenye majani. Ndani ya nguzo mna mashimo ya mviringo. Tulipokuwa watoto bibi alitukataza kutia mikono humo. "Mna wenyewe," alikuwa akisema, basi, hakuongeza neno. Nilipokuwa chuoni ndipo niliposoma kwamba kwenye nguzo za namna ile palipachikwa mabakuli na sahani kutoka Uchina na Uajemi, kuwapamba waliolala. Nilipopata akili mashimo yalikuwa yamekwisha kuwa matupu. Waliong'oa waliondoka na vyombo wakatuachia alama ya mviringo kwenye chokaa.

Jioni tulifika Malindi kwenye nguzo ya Vasco da Gama, yule baharia Mreno, nyeupe, ina msalaba juu, upepo mkali. Wenzangu walipiga picha. Mimi nilikuwa nafikiria mambo ya kwetu bado. Vasco da Gama alifika Malindi Aprili 1498 akapewa mwongozaji wa kumpeleka India. Aliporudi Januari 1499 mabaharia wake wengi walikuwa wamekufa kwa kiseyeye, hakuwa na watu wa kutosha kuendesha merikebu zote, basi moja, São Rafael, akaichoma moto kwenye mafungu ya mchanga ya Tongoni. Ndiyo, Tongoni yetu. Wavuvi wanapita juu ya mafungu yale kila siku na ngalawa zao. Niliwasimulia wenzangu ndani ya basi gizani, tukirudi, na Babu akauliza swali ambalo hakuna mwingine angeliuliza: "Misumari yake waliichukua nani?"

Alhamisi: Rabai

Rabai iko vilimani nyuma ya Mombasa, na hewa yake ni nyepesi. Kanisa la zamani la misheni sasa ni makumbusho madogo. Mmisionari Mjerumani, Johann Ludwig Krapf, alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka huo huo mkewe Rosine na mtoto wao mchanga wakafa kwa homa. Mwaka 1846 yeye na Johannes Rebmann wakaanzisha misheni Rabai. Nilikuwa namjua Krapf kama jina la mtihani, mzungu wa kwanza hili, mzungu wa kwanza lile. Pale nilimwona kama mtu aliyekaa barazani akiuliza maneno. Kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake, na kila ukurasa wake ulianza na mtu wa huku aliyekuwa na subira ya kumjibu. Majina ya wale waliojibu ningependa kuyasoma ukutani kwa herufi kubwa.

Mzee mmoja wa pale alituzungumzia vigango, nguzo za mbao za kuchonga ambazo Wagiriama huwasimikia wazee wao wa chama cha Gohu waliofariki. Kigango hakihamishwi. Hukaa mahali pake mpaka mchwa na mvua vimalize kazi. Lakini miaka ya nyuma viliibwa kwa wingi, vikauzwa ng'ambo kama mapambo ya sebuleni. Viwili vilivyoibwa mwaka 1985 vilionekana Marekani, vikarudishwa Kenya mwaka 2007. Mzee alipofika hapo alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Miaka 22 marehemu amesimama nyumba ya watu." Kwake yeye ile haikuwa sanamu iliyorudi. Ni mtu.

Ijumaa: Bamburi

Asubuhi tulikwenda Haller Park, ambako zamani palikuwa machimbo ya mawe ya saruji. Kuanzia mwaka 1971 René Haller alipanda mivinje kwenye jangwa lile la matumbawe, akaleta majongoo ili wayale majani makavu na udongo upatikane. Twiga sasa wanakula pale. Mwalimu wa sayansi wa kikundi chetu aliwatazama majongoo kwa nusu saa, akiandika. Mchana tukasali Ijumaa mjini, jioni viazi karai na madafu ufukoni. Nililala mapema.

Jumamosi: Ngomeni

Mlango hufunguliwa saa mbili asubuhi, nasi saa mbili kasoro tulikuwa pale, mabegi yetu yamefungwa tayari ndani ya basi.

Nje kuna mizinga miwili ya zama za vita ya kwanza ya dunia. Mmoja ni wa manowari ya Kijerumani Königsberg, mwingine wa manowari ya Kiingereza Pegasus. Königsberg ndiyo iliyoizamisha Pegasus bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, nayo ikaishia kwenye delta ya Rufiji Julai 1915. Leo mizinga yao ni majirani. Sisi wa Tanga, ambao mji wetu ulipiganiwa Novemba 1914, tuliigusa kwa zamu kabla ya kuingia.

Juu ya lango kuna jiwe lenye maandishi ya Kireno. Hapa nilimwomba mwongozaji asimame. Ni jiwe la mwaka 1635, la kapteni aliyeitwa Francisco de Seixas de Cabreira, naye anajitaja mwenyewe: ana umri wa miaka 27, ameijenga upya Ngome, amewatia adabu watu wa Pate na Siyu na kubomoa kuta za miji yao, amewaadhibu Wamijikenda, na Pemba amewaua wakubwa wa mji. Miaka 27! Tuna walimu wa mazoezi wa umri huo shuleni. Anasema pia kwamba watu wa pwani hii walikuwa wameasi chini ya mfalme wao dhalimu.

Huyo anayeitwa dhalimu ni Yusuf bin Hasan, na kisa chake hunitoa machozi kila nikikifundisha. Baba yake alikuwa sultani wa Mombasa, aliuawa mwaka 1614 akiwa amekosana na Wareno. Mtoto akapelekwa Goa, akabatizwa Jerónimo, akalelewa kama Mreno, akarudishwa kutawala mji wa baba yake kwa niaba yao. Agosti 1631 aliingia Ngomeni na watu wake, akamuua kapteni, akaishika Ngome. Mwaka uliofuata aliiacha akaenda zake baharini. Wareno waliporudi waliandika jiwe. Yeye hakuacha jiwe. Nilisimama chini ya lile lango nikiwa na uchungu wa mtu aliyesikia upande mmoja wa kesi ukisomwa, na mshtakiwa hayupo.

Ngome yenyewe ilijengwa kati ya 1593 na 1596 kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, Mtaliani wa Milano aliyewatumikia Wareno. Mwongozaji alituonyesha mchoro wake: ukiitazama kutoka juu inafanana na mtu aliyelala chali. Wenzangu walishangaa sana. Mimi nilikuwa nataka kuingia ndani.

Uwanjani, cha kwanza ni mifupa ya nyangumi. Kisha milango ya nakshi, kisha mizinga, kisha chumba cha makumbusho, na humo ndani vyungu vya udongo, sahani za Uchina, vyombo vya Uajemi vya rangi ya samawati, mitungi, vitu vya merikebu iliyozama. Mwalimu mwenzangu mmoja aliuliza kwa sauti ndogo kwa nini vitu vimechanganywa hivi, nyangumi anahusiana vipi na sahani. Swali lake lilikuwa la haki. Lakini mimi nililiona kasha la bibi yangu. Ndani ya kasha la bibi mlikuwa na kipande cha ambari, cheti cha ndoa, shanga, rupia za Wajerumani zenye simba, meno ya babu na kikombe kisicho na mkono. Hakuna aliyepanga. Na kila kitu ulichokishika, bibi alikuwa na habari yake, na habari zote zilikuwa za nyumba moja. Pwani yetu ni hivyo. Kaskazi ilileta vyombo, kusi ikaondoka na pembe na mikoko, na kilichobaki kikabaki popote kilipoangukia. Mtu akiyapanga haya kwa madaraja, chumba cha Uchina, chumba cha Waarabu, chumba cha Wazungu, ataivunja nyumba vipande vipande na mwenye nyumba atakosa chumba.

Nilipogeuka nikaliona.

Ni bakuli la Kichina, la kijani kilichopauka, rangi ya maji ya asubuhi juu ya mchanga. Zima. Ukingo wake umemeguka mahali padogo tu, na chini ya rangi, ukiinama, unaona maua yamechorwa kwa ncha kali kisha yakafunikwa. Mwongozaji alisema vyombo vingi vya humo vimefukuliwa kwenye magofu ya pwani, Gede ikiwemo. Sikuweza kumjibu. Miaka hamsini nimejua shimo, na sasa nimesimama mbele ya kitu chenyewe, na ni kizuri kuliko nilivyowahi kukiwaza. Nilikuwa nimedhani ni sahani tu, mapambo, kama watu wanavyotundika kalenda. Haikuwa hivyo. Aliyempachikia marehemu wake bakuli hili alitoa kitu ambacho angeweza kulia wali wa Idi maisha yake yote.

Nilichora kwenye daftari. Kisha nikakumbuka vipimo. Sikuwa na rula, basi nilivuta uzi mmoja kwenye pindo la leso yangu, nikaunyoosha mbele ya kioo kutoka ukingo hadi ukingo, nikafunga fundo. Kioo kina umbali wake, najua, kipimo si cha fundi. Lakini fundo lipo.

Kando ya bakuli lile kuna vyungu vyetu vya kupikia. Watu huvipita haraka. Mimi nawaomba wote watakaokwenda wasivipite. Vimefinyangwa kwa mkono na kupambwa kwa kukwaruzwa, na ni mikono ya kina mama wa huku iliyopika chakula kilichopakuliwa kwenye lile bakuli la Uchina. Bila chungu, bakuli lingekaa tupu.

Babu alikuwa amekwisha kutangulia kwenye vitu vya merikebu. Ni Santo António de Tanná, merikebu ya kivita ya Wareno iliyojengwa India. Ilikuja mwaka 1697 kuwaokoa Wareno waliokuwa wamezingirwa humu na Waomani, ikazama chini ya Ngome hii hii mwezi wa Oktoba. Ililala kwenye matope karibu miaka 280, hadi wanaakiolojia walipopiga mbizi kuifukua kati ya 1977 na 1980. Babu aliinama kwenye mbao zilizosalia, mikono nyuma kama alivyoombwa, akazitazama kama daktari anavyomtazama mgonjwa. "Msaji huu," alisema. Akatueleza jinsi ubao unavyokatwa ukifuata mshipa wa mti, jinsi fundi anavyojua mbavu zitakaa wapi kabla hajapiga msumari wa kwanza. Wageni wengine, familia moja ya Kisii na vijana wawili wa Nairobi, wakasogea kusikiliza. Kwa dakika ishirini mwongozaji wetu alinyamaza na yeye, akamwachia Babu chumba. Babu ana miaka 78 na hakumaliza darasa la nne. Ningependa binti yake asisahau asubuhi ile.

Kuzingirwa kwenyewe kulianza Machi 1696 na kwisha tarehe 13 Desemba 1698, karibu miaka mitatu. Watu waliokimbilia ndani walikuwa wengi, na wengi wao walikuwa watu wa pwani. Njaa na tauni vikawamaliza. Ilifika siku, mwishoni mwa Agosti 1697, Mreno wa mwisho akafa, na Ngome ikabaki mikononi mwa Sheikh Daud wa Faza na jamaa zake 17, wanaume Waafrika wanane, na wanawake Waafrika hamsini. Waliishikilia hadi Septemba, msaada ulipofika. Wanawake hamsini! Nilimwomba mwongozaji arudie hesabu, akarudia. Mke wa nani, mtumwa wa nani, mama wa nani, hakuna ajuaye, na walisimama juu ya kuta hizi nilizozishika asubuhi. Katika miaka 22 darasani sikuwahi kuwataja. Januari nitawataja.

Kuna pia ukuta uliochorwa na askari au mabaharia wa Kireno kwa makaa na udongo mwekundu. Merikebu, samaki, makanisa, watu wa vita waliovaa deraya. Ni michoro ya watu waliochoka, wasio wachoraji, wakikumbuka kwao. Mbele ya jiwe la lango nilikuwa na hasira. Mbele ya ukuta huu hasira ilipungua bila idhini yangu, kwa sababu merikebu zile zinafanana sana na zile ambazo wanafunzi wangu huchora nyuma ya daftari mvua ikinyesha.

Kuanzia 1895 hadi 1958 Waingereza waliifanya Ngome kuwa jela, na mwaka 1960 ikafunguliwa kama makumbusho. Hapo mwalimu wa Kiswahili akapata zamu yake. Alitukumbusha kwamba neno gereza wataalamu hulitoa kwenye igreja, kanisa kwa Kireno. Akaendelea: meza, bendera, leso, kasha, karata, nanasi, mvinyo. Tukawa tunaongeza tukitembea. Karne mbili za mizinga, na walichotuachia ndani ya nyumba zetu ni meza, leso na foronya.

Tulimalizia Nyumba ya Omani, juu, penye dirisha la kutazama bahari. Kaskazi ilikuwa inavuma. Huko chini mlangobahari ulikuwa buluu, na chombo kimoja chenye tanga kilikuwa kinaingia polepole kuelekea Bandari ya Kale. Babu safari hii alisema alichokuwa akihesabu Jumanne: mbao. Alikuwa anakadiria jahazi lile lilikula mbao ngapi.

Saa nane mchana basi likaondoka. Likoni tukavuka tena kwa feri. Mpaka tukaupita magharibi, na yule mama wa maembe alikuwa amekwisha kufunga meza yake.

Jumapili: Tongoni

Sikupumzika. Baada ya chai nilipanda bodaboda hadi kijijini, nikawasalimu wenyeji wa makaburi kama inavyopasa, nikaenda kwenye nguzo iliyo karibu na mbuyu, ile ambayo shimo lake liko usawa wa kifua. Watoto watatu waliokuwa wakichunga mbuzi wakanifuata, wakauliza mwalimu anatafuta nini. Niliwaonyesha mchoro wa bakuli kwenye daftari. Mmoja akatazama mchoro, akatazama shimo, akatazama tena mchoro.

Nilitia mkono. Mara ya kwanza maishani. Chokaa ndani ni laini, imekaa kama ilivyobonyezwa siku ile. Nikautoa uzi wa leso, nikaunyoosha kutoka ukingo hadi ukingo, na haukufika. Shimo ni kubwa kuliko bakuli la Ngomeni kwa vidole viwili. Kilichokaa humu kilikuwa kingine, pengine sahani, na kiko mahali ninapopaswa kupatafuta. Nikafunga fundo la pili.